Shavu la kulia: uso wa mdogo wangu ulivyoharibika huku yeye akijua anautunza

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka jana, saa mbili usiku, niko nafunga mahesabu pale famasi ninapofanya kazi, akaingia dada kajitanda mtandio mpaka karibu na macho na barakoa juu yake. Nikajua huyu ni kikohozi. Nikamkaribisha, nikasikia "shikamoo dada, ni mimi". Sauti naijua kabisa, mtoto wa mama mdogo wangu, yule ambaye tangu yuko shule ya msingi tulikuwa tunamtania kwa kupenda vipodozi. Ana miaka 24, ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na stendi, huku Mbagala.

Akavua barakoa, mi nikakosa la kusema.

Kuzunguka mdomo na pembeni ya pua alikuwa na vipele vidogovidogo vimebanana kama punje za mtama, ngozi yenyewe inang'aa kama imevutwa ikafungwa kwa nyuma, pembeni ya pua vimishipa vyembamba vinaonekana, na kwenye mashavu malaika zimeota kama za kichanga. Wengi tunategemea ngozi iliyoungua iwe nyekundu, ila kwa ngozi yetu sisi weusi wekundu hauji hivo, yeye alikuwa kama zambarau iliyoiva inayoelekea kuwa nyeusi. Halafu shavu la kulia lilikuwa limeiva zaidi ya la kushoto, lina doa la ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Hilo shavu la kulia lishike, tutalirudia.

"Dada uso unawaka moto. Hata nikinawa maji matupu yananichoma kama pilipili."

Nikamuuliza umepaka nini, akasema sijapaka kitu, nina siku kumi na mbili sijapaka kitu chochote. Mtu mwingine angesikia hapo angesema basi ni aleji ya chakula. Mi nilivyosikia "nina siku kumi na mbili sijapaka" moyo ukashtuka, maana kuna kitu kimoja tu ninachokijua mimi ambacho ukiacha kukipaka ndo uso unaanza kuwaka.

Nikamwambia kesho nakuja kwenu, nikute umeweka pamoja kila kinachogusa uso wako, kila kitu, na kile unachoona aibu kukionyesha ndo kiwe cha kwanza. Kuandika haya nimemuomba ruhusa, kasema andika tu ila usinitaje, kwa hiyo simtaji.

Jumapili tukatandika kanga sebuleni kwa mama mdogo tukapanga vitu. Vilifika kumi na nne. Sabuni ya dawa ile ya kuua vijidudu, nusu kipande cha sabuni ya mche (ndio, ile ya kufulia), dodoki, kikombe cha maji ya ndimu kutoka kwenye friji, sukari, dawa ya meno, spiriti, jeli ya kulaza nywele za mbele, mafuta mazito ya rasta, poda na kile kisponji chake ambacho kilishakuwa rangi ya udongo, fondesheni, kopo jeupe la krimu halina lebo hata herufi moja, wembe wa kunyolea ndevu za kidevu. Na kifuko cha nailoni chenye tyubu tatu tupu zimekunjwa mpaka shingoni, mtu kakamua mpaka tone la mwisho, pamoja na boksi lake moja. Kwenye boksi bei imeandikwa kwa biro. Mwandiko wangu.

Tutafika huko. Ngoja nipange kisa kuanzia mwanzo, maana kama nisingemkalisha chini nikamuuliza mwezi kwa mwezi tungebaki tunalaumu lile kopo jeupe peke yake, na kopo jeupe lilikuja mwishoni kabisa.

Mwezi wa pili alisuka rasta. Za kubana, halafu msusi akamwambia ili zisimuume na zisichakae apake mafuta kila usiku, na mbele apake jeli. Wiki tatu baadaye zikaanza chunusi ndogondogo kwenye paji la uso, mstari mzima kufuata nywele, mashavu safi kabisa. Sasa hapo ndo kisa kizima kingeweza kuishia. Chunusi zinazofuata mstari wa nywele mara nyingi ni mafuta ya nywele yanashuka, yanaziba vitundu, joto la Dar linamalizia, na dawa yake ni kuacha hayo mafuta na kufua foronya. Basi. Hata madaktari wa ngozi wana jina lake, chunusi za pomada. Lakini yeye hakuwaza nywele, akawaza uso mchafu. Na hili ndo jambo lililomponza toka mwanzo hadi mwisho, kila hatua aliyochukua alikuwa anafanya usafi.

Akaanza kunawa na ile sabuni ya dawa mara nne kwa siku, asubuhi, akifika kibandani, mchana, usiku. Jioni akiona uso bado una mafuta anaongeza ile ya mche kwa sababu "ile inakata, dada, ukimaliza ngozi inalia kwii kama sahani". Nilicheka alivyosema hivo ila ndo maelezo sahihi kuliko yote ya tatizo. Ngozi sio sahani. Ngozi ya uso ina ukali kidogo wa asidi, kwa kipimo cha pH iko kwenye 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 hadi 10. Kwenye kile kipimo kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 kwenda 10 ni mara laki moja. Ukiosha mara moja ngozi inajirudi yenyewe baada ya saa chache, ukiosha mara nne kwa siku haipati hata muda wa kupumua, yale mafuta yanayoshikilia seli za juu yanaondoka, maji yanatoka, ngozi inapauka, inaanza kuwasha, na bado chunusi zipo palepale kwa sababu mafuta ya rasta anaendelea kupaka kila usiku.

Mwezi wa tatu ikaja ndimu na sukari, kaiona kwenye video. Anachanganya, anasugua dakika kumi kwa dodoki, anaacha ikauke, anasuuza. Mara tatu kwa wiki. Dodoki lenyewe linakaa bafuni limening'inia kwenye msumari, halijawahi kuona jua, na anatumia mdogo wake wa kiume pia miguuni, hilo alilijua siku hiyohiyo tulipokuwa tumekaa, wakagombana kidogo. Ndimu iko kwenye 2 hivi kwa kile kipimo, yaani toka upande wa pili sasa, asubuhi unaiunguza ngozi kwa magadi ya sabuni usiku unaiunguza kwa asidi. Na ndimu ina balaa jingine ambalo watu hawalijui, kuna vitu ndani yake ambavyo jua likikukuta navyo ngozini vinaunguza kweli, yanakuja malengelenge au mabaka meusi yanayokaa wiki na miezi. Wanaouza juisi za ndimu juani wanayapata mikononi wanadhani ni kurogwa.

Mama mdogo naye akachangia, kila Jumapili anamfukiza, sufuria ya maji yanayochemka na majani ya mchaichai, blanketi juu. Toka mwaka 2020 watu walivyopiga nyungu kila kitu sasa kinapigiwa nyungu. Sikumlaumu mama mdogo mbele yake, nilisema tu mama hii tuiache kwa sasa, akaniangalia lile jicho.

Halafu kuminya. Kazi yake ni kushika noti kutwa nzima, noti za stendi unazijua, akiwa hana mteja anajiangalia kwenye kioo cha simu anaminya. Chunusi ikiminywa usaha wenyewe mwingi unaingia ndani na sio kutoka nje, ngozi inavimba, na ngozi nyeusi ina tabia moja, kila inapoumizwa inajibu kwa kutoa rangi. Ukijikwaruza doa, ukiminya doa, ukijisugua doa. Zile chunusi za paji la uso zingepita wiki sita zikasahaulika, lakini madoa yake yanakaa miezi sita, mwaka, na zaidi kama jua linayapiga. Juu ya kidonda anaweka dawa ya meno, inakausha kweli, inakausha mpaka inachubua, doa linazidi.

Kwa hiyo kufika mwezi wa nne tatizo limeshabadilika jina. Mwanzo ilikuwa chunusi, sasa ni madoa. Na mtu mwenye madoa ndo anaanza kutafuta kitu cha kung'arisha.

Hapa naingia mimi.

Alikuja famasi mwezi huohuo wa nne na muwasho shingoni, duara lenye ukingo, choa ya kawaida kabisa. Ilikuwa jioni, foleni ipo, nikampa tyubu ile ya tatu kwa moja ambayo kila mtu anaijua, ndani kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Nilimwambia paka asubuhi na jioni. Sikumwambia siku ngapi. Sikumwambia usipake usoni. Choa ya shingo haihitaji hata hiyo steroidi, krimu ya fangasi peke yake inatosha na ndo inayotakiwa, maana steroidi inatuliza muwasho tu halafu fangasi anaendelea kutembea chini kwa chini bila dalili, unakuja kushtuka kasambaa. Lakini sisi wauzaji tunapenda ile tyubu kwa sababu mteja anapona muwasho usiku uleule na kesho anakuja kukushukuru. Naongea ukweli wangu hapa.

Siku tano muwasho ukaisha, na yeye akaona kitu kingine. Pale shingoni pamekuwa laini na peupe kidogo. Akawaza, sasa kama shingoni imefanya hivi, usoni je? Akapaka. Asubuhi ya nne chunusi zote zimelala, uso umetakata, kibandani wateja wanamuuliza unatumia nini. Ukimsikiliza anavyosimulia ile wiki unaona kabisa hapo ndo alinaswa, macho yanamng'aa mpaka leo.

Steroidi inafanyaje? Inabana mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, ndo maana ngozi inaonekana nyeupe. Na huu weupe wanasayansi wenyewe ndo wanautumia kupima nguvu ya hizi dawa, toka mwaka 1962, wanapaka dawa mkononi kwa mtu wanaangalia pamepauka kiasi gani, ikipausha sana ina nguvu sana. Yaani lile unaloliona wewe kama mng'aro, kwenye maabara ni kipimo cha ukali. Pili inazima uvimbe wote, ndo maana chunusi zinalala. Tatu, na hii ndo mbaya, inasimamisha ngozi kujijenga, ile nyuzinyuzi inayoipa ngozi unene haitengenezwi, wiki kwa wiki ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Zile kali kabisa kama clobetasol maelezo yake yanasema usizidishe wiki mbili, na usoni usipake. Ngozi ya uso ni nyembamba, inanyonya dawa kuliko mkono au mguu, kwa hiyo hata isiyo kali sana usoni inakuwa kali.

Yeye alipaka wiki kumi na tisa.

Tyubu ya pili na ya tatu nilimuuzia mimi pia. Hakuja mwenyewe, alimtuma mdogo wake, "dada kasema ile ya shingo". Sikuuliza.

Lile kopo jeupe likaja mwezi wa saba, kutoka saluni anayosukia, elfu nane, mkorogo wenyewe huo wa kuchanganyiwa. Kwa sababu tyubu ilishaanza kupoteza nguvu, ngozi inazoea, ikawa mng'aro unakaa nusu siku. Nilifungua nikanusa, harufu ya marashi juu na chini yake harufu kama ya dawa, krimu ya njano iliyoiva kidogo. Kuna nini ndani huwezi kujua kwa macho. Kwenye hii mikorogo vinavyojulikana kuwekwa ni steroidi, zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), kimoja au vyote, na Tanzania vyote vitatu vimekatazwa kwenye vipodozi. Toka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS, shirika la viwango, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, lakini kopo lisilo na lebo linalotoka chini ya meza ya saluni TBS atalionea wapi. Zebaki inaharibu figo, hiyo sio habari ya ngozi tena. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu juani inaleta mabaka ya bluu nyeusi, ochronosisi wanaita, ilianza kuandikwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa kina mama waliokuwa wanatumia krimu za kung'arisha, na yale mabaka hayatoki, ndo kitu cha kusikitisha, mtu katafuta weupe kapata weusi wa kudumu.

Mwisho wa mwezi wa nane akaishiwa vyote kwa pamoja, mtu wa saluni kasafiri, akasema ngoja nipumzishe ngozi. Siku ya tatu ikaanza kuwaka.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini tukaenda kliniki ya ngozi. Mi mwenyewe ningeweza kumpa dawa, na nilishafanya makosa ya kutosha. Foleni mpaka saa saba. Daktari mtu mzima, mpole, mdogo wangu alivyoingia na kusema "shikamoo daktari" jamaa hakuangalia hata uso, akasema "marahaba binti, hebu nipe mikono". Akaigeuza, akaangalia viungo vya vidole. Vyeusi, na katikati ya kidole na kidole peupe. Pale kwenye viungo ngozi ni nene na inakunjwa kutwa, haichubuki kirahisi, kwa hiyo anayejichubua hata awe mjanja vipi vidole vinamsema. Mdogo wangu akaangalia chini. Daktari hakumgombeza, akauliza tu maswali mawili, ulianza lini na umeacha lini. Nikatoa tyubu na kopo mezani. Na mi nikasema, daktari hii nilimuuzia mimi. Akaandika, akaendelea.

Alichosema kwa kifupi, uso wake sio mchafu na sio aleji, ni ngozi iliyozoea steroidi sasa imenyimwa. Mishipa iliyobanwa miezi zaidi ya minne imefunguka yote kwa mpigo, ndo moto huo. Akasema tena kitu ambacho alikirudia mara mbili, itazidi kuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, na siku utakayotaka kurudi kupaka ndo siku ya hatari. Akamwandikia vidonge vya doxycycline, antibayotiki, wiki sita baada ya kuuliza kama ana mimba, maana mjamzito hapewi. Kunawa maji ya kawaida, usiku kisafishio laini kisicho na harufu mara moja, kukausha kwa kugandamiza taulo sio kusugua, mafuta ya mgando matupu, hakuna ndimu, hakuna poda, hakuna chochote. Na sanskrini, krimu ya kukinga jua, akishavumilia kupaka. (Usikimbilie kununua hizo dawa kwa kusoma hapa, mi nauza na nakwambia usije, hizo zilikuwa za kwake.)

Tuliporudi mama mdogo akauliza "dawa yenyewe ndo mafuta ya mgando tu? Mwanangu mmetoka asubuhi mkakaa siku nzima kwa ajili ya mafuta ya mgando?"

Wiki mbili za kwanza sitamani hata adui yangu. Uso ulivimba, ukawa unatoa magamba, mdomo ukifunguka kwenye pembe unapasuka, usiku halali. Akaacha kufungua kibanda siku nne. Usiku wa siku ya tisa saa tano kanipigia analia, "dada nipake kidogo tu, kidogo tu kwenye shavu, ile tyubu ikikata moto nitaacha". Na mi najua kwamba ikipakwa moto utakata kweli, nilikuwa nayo tyubu kabatini kazini kesho ningeweza kumletea, huo ndo ugumu ambao ukimwambia mtu "acha tu" huuoni. Nikamwambia loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi weka usoni, usikate simu. Tukakaa kwenye simu mpaka saa saba kasoro, tunaongea mambo ya watu, nani kaolewa nani kaachwa. Kitambaa kikipata joto analoweka tena. Wiki ya tatu moto ukaanza kushuka, ya nne vipele vya mdomo vikaanza kukauka, na hii inaendana na ngozi yenyewe maana seli za chini zinachukua kama wiki nne kupanda hadi juu, huwezi kuiharakisha.

Sasa shavu la kulia.

Vipele vimeondoka pande zote ila shavu la kulia bado jeusi na doa lile linazidi kuiva. Nilidhani analala upande huo, nikabadilishisha foronya, hapana. Nikadhani ni simu, anaweka simu kutwa sikioni, hapana, simu anashikia kushoto kwa sababu kulia anaandika. Siku moja nikampelekea vidonge kibandani saa tisa alasiri, kuna wateja wengi akaniambia dada kaa kwenye kiti changu kidogo nikachenji hela kwa jirani. Nikakaa. Dakika tano tu nikahisi shavu linachomwa. Kiti kimeelekea kusini, kulia kwake kuna dirisha la wavu ambalo halina pazia, magharibi moja kwa moja, jua la kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu linampiga upande mmoja siku sita kwa wiki. Ukutani ana kalenda ya mwaka, nusu ya kulia imepauka mpaka tarehe hazisomeki, nusu nyingine iko mpya. Nikamwambia angalia kalenda yako. Akaangalia kalenda, akaangalia kioo, akasema "mungu wangu".

Tulikuwa tumehangaika na vitu kumi na nne vya kwenye kanga na cha kumi na tano hakipangiki kwenye kanga.

Watu wanasema sisi weusi jua halitudhuru. Ngozi nyeusi ina kinga yake kweli, vipimo vya zamani vinaikadiria kama sanskrini ya namba 13 hivi, sio kitu kidogo, kuungua kama mzungu hatuungui. Lakini kuungua ni jambo moja na kutengeneza rangi ni jambo jingine. Dar iko nyuzi kama 7 kusini mwa ikweta, jua letu la mchana linafika 11 na kuendelea kwenye kipimo cha miale, daraja la juu kabisa, na kwa ngozi iliyochubuliwa ikawa nyembamba ile kinga ya 13 umeshaikwangua mwenyewe. Zaidi ya hapo hata mwanga wa kawaida wa jua, ule tunaouona, unachochea rangi kwenye ngozi nyeusi, ndo maana sanskrini zenye rangi ya udongo, zilizotiwa oksaidi za chuma, zinasaidia madoa kuliko zile nyeupe. Na doxycycline yenyewe inamfanya mtu adhurike na jua haraka, kwa hiyo wiki zile sita alikuwa kwenye dirisha lile akiwa na hatari mara mbili, na mi niliyempelekea vidonge sikukumbuka kumuuliza anakaa wapi.

Tulichofanya hapo ni pazia. Kanga ya zamani ya mama mdogo na misumari minne, haikugharimu kitu. Kiti tukageuza. Sanskrini alipata ya namba 30 ambayo kwa maelezo inazuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, ila nilikuta anapaka ukubwa wa punje ya harage, nikamwonyesha, mistari miwili urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na baada ya saa mbili kama uko juani unarudia. Akasema hiyo itaisha wiki tatu. Ni kweli, na bei yake sio ya mtu wa kibanda. Kwa hiyo tukakubaliana, pazia na kofia kila siku, sanskrini siku za kutoka na mchana wa jua kali. Sio kama vitabu vinavyosema, lakini kitu anachokimudu.

Rasta kasuka tena mwezi wa kwanza, nyepesi, bila mafuta mbele. Zile chunusi za mstari wa nywele, zilizoanzisha safari yote hii, hazijarudi.

Kazini kwangu nimebadilisha kitu kimoja tu. Kila tyubu yenye steroidi inayotoka mkononi mwangu naandika kwa biro juu ya boksi sehemu inapopakwa na tarehe ya kuacha, kubwa, bei naandika chini ndogo. Bosi alilalamika kwamba wateja wa tyubu tatu tatu wamepungua. Wamepungua kweli, wamehamia duka la mbele.

Juzi alipita jioni, hana barakoa. Miezi tisa sasa. Mishipa ya pembeni ya pua bado inaonekana ukisogea karibu, daktari alishasema hiyo inaweza isiondoke yote. Shavu la kulia limefifia ila doa lipo, sasa limekuwa la ukubwa wa sarafu ya hamsini. Akainamia kaunta akauliza taratibu, "dada, hakuna kitu cha kuliharakisha hili?" Nikamwambia hakuna. Akakaa kimya anaangalia shelfu nyuma yangu, akaangalia muda mrefu, halafu akasema basi nipe mafuta ya mgando, lile kopo kubwa.